Kabla hujauliza mbinu, uliza mteja ni nani

Mtu akishaamua kumtafuta mwanasaikolojia huwa anaenda na maswali mawili, unatumia mbinu gani na itachukua muda gani. Ni maswali ya haki kabisa, ila mimi naona yanaruka swali ambalo ndo lingetakiwa kutangulia na karibu hakuna anayeliuliza: humo ndani mteja ni nani? Utasema jibu si liko wazi, mteja ni yule aliyekaa kwenye kiti. Subiri kwanza. Mwanamke anakuja peke yake kila wiki na kila wiki anamuongelea mume wake, dakika hamsini nzima ni mume tu, je mteja hapo ni yeye au ndoa yake? Wawili wanakuja pamoja, mmoja anamuonyesha mwenzie kwa kidevu anasema mtibu huyu mimi sina shida, hapo mteja ni nani? Na jioni yake yule mwingine akimpigia terapisti, yani huyo mtaalamu anayewatibu kwa mazungumzo, simu akamwambia jambo ambalo hataki mwenzie alijue, hiyo siri inakuwa ya nani? Hayo yasipojibiwa mapema, mbinu yoyote utakayoletewa hata iwe na jina zito namna gani itakwama njiani.

Tuanze na hii habari ya mbinu manake watu wanaipa uzito sana. Mwaka 1952 Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, aliandika makala iliyowachoma wenzake, alidai hakuna ushahidi kwamba tiba ya mazungumzo inawasaidia watu kuliko wanavyopata nafuu wenyewe kwa kupita muda. Ubishi ukawaka miaka na miaka. Mwaka 1977 Mary Lee Smith na Gene Glass wakakusanya tafiti kama 375, wakazijumlisha kihesabu, wakakuta kwamba mtu wa wastani aliyepata tiba anaishia kuwa na hali nzuri kuliko robo tatu ya wale ambao hawakutibiwa. Kwa hiyo tiba inafanya kazi, hilo limeshapita. Kilichowaudhi mashabiki wa mbinu ni jambo la pili walilolikuta, kwamba tofauti kati ya mbinu moja na nyingine ilikuwa ndogo. Na wala haikuwa habari mpya, Saul Rosenzweig alishalisema tangu 1936, kwamba mbinu zinazopingana vikali kwa maneno huenda zinaponya kwa yale zinayofanana.

Yale zinayofanana ni yapi? Jibu ninalolipenda mimi ni la Edward Bordin wa mwaka 1979. Alisema kazi inasimama juu ya mambo matatu: mnakubaliana mnataka kufika wapi, mnakubaliana mtafanya nini ili mfike, na kuna kuaminiana kati yenu. Tafiti nyingi tangu hapo zimeonyesha kwamba ushirikiano huo, hasa ukipimwa kwa macho ya mteja mwenyewe, unahusiana na matokeo ya tiba. Sasa angalia, mnakubaliana maana yake ni nani na nani? Akiwepo mtu mmoja ni rahisi, wakiwa wawili na kila mmoja anataka kufika kwake, hayo makubaliano unayafanya na nani? Unaona tumesharudi kwenye lile swali.

Ila nisieleweke vibaya. Kuna wanaosikia haya wakakimbilia kusema basi mbinu haina maana, mradi terapisti awe mpole na ajue kusikiliza. Hapana. Mtu anayeshikwa na hofu ya ghafla mpaka anadhani moyo unasimama, au anayenawa mikono mpaka ngozi inachubuka kwa sababu kuna wazo haliwezi kumtoka kichwani, huyo anahitaji kusogezwa karibu na kile anachokiogopa, kidogo kidogo, kwa mpango, na kwa ridhaa yake. Terapisti mpole anayemsikiliza mwaka mzima bila kufanya hivyo anamchelewesha mgonjwa, na upole wake unakuwa sehemu ya tatizo. Vilevile mtu mwenye sonona anayekaa kitandani siku nzima akijiambia sifai, njia ya Aaron Beck ya miaka ya 1960 ya kulichukua hilo wazo na kuliuliza ushahidi wake uko wapi, pamoja na kumrudisha mtu kwenye shughuli ndogondogo, imepimwa mara nyingi na inasaidia wengi. Mbinu ina kazi yake, ninachokataa ni kuiweka mbele ya kila kitu.

Haya, akija mtu mmoja.

Hapa mteja ni huyo aliyekuja, na ingawa inasikika rahisi ina maana ambayo wengi hawaipendi. Maana yake terapisti yupo kwa ajili yako, lakini pia ni wewe unayechunguzwa, siyo mama mkwe, siyo bosi, siyo mume. Carl Rogers mwaka 1957 aliandika masharti ambayo aliamini yanatosha kumbadilisha mtu, kati ya hayo ni terapisti kuingia kwenye dunia ya mteja akaielewa kwa ndani, kumpokea bila masharti, na kuwa mkweli badala ya kujificha nyuma ya cheo. Kama yanatosha peke yake mimi nina mashaka, ila kwamba yanahitajika sina ubishi kabisa. Mtu aliyezoea kupendwa kwa masharti maisha yake yote, akifaulu anapendwa akianguka ananuniwa, akikaa na mtu ambaye hambadilikii uso anaposema la aibu, kuna kitu kinalegea.

Na kuna jambo ambalo Freud aliliona mapema na ambalo mpaka leo hata wasiomkubali wanalitumia kwa majina mengine: mtu haji tu kusimulia mahusiano yake, anakuja nayo humo ndani na anayafanya upya na terapisti. Aliyekulia kwa baba mkali utamkuta anaomba radhi kwa kuchelewa dakika mbili kana kwamba atafukuzwa. Aliyezoea kuwafurahisha watu atasema "ndio, umenisaidia sana" kila wiki na hali yake haibadiliki. Aliyeachwa mara nyingi ataanza kukosa vikao wiki moja kabla terapisti hajaenda likizo, anaondoka kabla hajaachwa. Terapisti anayejua kazi yake halichukulii hilo kama usumbufu, hiyo ndo kazi yenyewe imejileta mezani bila kuitwa. Jeremy Safran na Christopher Muran walitumia miaka mingi kuchunguza zile nyakati ambapo uhusiano wa mteja na terapisti unapata ufa, labda terapisti ametazama saa wakati mteja anasema jambo zito, labda amesema neno limeuma, na mteja badala ya kulalamika ananyamaza, anatabasamu, kisha wiki inayofuata anafuta miadi. Walichosisitiza ni kwamba ufa ukitambuliwa na ukaongelewa waziwazi unaweza kuwa sehemu yenye faida kuliko zote, kwa sababu kwa mtu mwingine hiyo ndo mara ya kwanza maishani anamwambia mtu "uliniumiza" na huyo mtu hakimbii wala hampigii kelele. Ndo maana mimi nasema ukiudhika na terapisti wako usihame kimya kimya, mwambie kwanza uone anafanya nini, jibu lake litakuonyesha mengi kuliko cheti kilichotundikwa ukutani.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma. Mtu anaenda peke yake, shida yake ni ndoa, anasimulia upande wake, na upande wake ni wa kweli kabisa, anaumia, analia, na terapisti aliyekaa mbele yake ni binadamu anasikia uchungu. Mwezi wa pili terapisti ameshaanza kumpa majina yule asiyekuwepo. Mumeo anaonekana ana ubinafsi wa kiugonjwa. Mkeo inaelekea ana matatizo ya nafsi. Mtu hajawahi kumuona! Hajawahi kumsikia hata salamu yake, anachokijua ni picha iliyochorwa na mtu mwenye hasira. Huko ni kumpima mgonjwa ambaye hayupo na ni kosa la kitaaluma, lakini linafanyika, na mteja anarudi nyumbani ameshika hilo jina kama hukumu ya mahakama, kila ugomvi anamtupia mwenzie, "hata terapisti wangu amesema." Ndoa nyingine hapo ndipo zinapomalizikia.

Sisemi terapisti amtetee yule asiyekuwepo. Nasema akumbuke kwamba anasikia nusu ya habari, na kazi yake na huyu aliyepo ni kumuuliza yale ambayo rafiki wa kawaida hatamuuliza: wewe hapo ulifanya nini baada ya hapo? Ukiwa umeogopa huwa unaonekanaje kwa nje, unaonekana umeogopa au unaonekana umekasirika? Yeye angesimuliaje jioni hiyohiyo? Maswali kama hayo yanauma kidogo ila yanampa mtu kitu anachoweza kukishika, kwa sababu tabia ya mwenzako huna rimoti yake. Na kama shida inayoongelewa wiki hadi wiki ni ya watu wawili basi aseme wazi, hii kazi inahitaji mwenzio aje, au nenda naye kwa mtu mwingine. Kumshikilia mtu peke yake miaka miwili juu ya tatizo la wawili siyo sawa.

Jambo moja zaidi kabla sijatoka kwa mtu mmoja. Kenneth Howard na wenzake mwaka 1986 walikuta kwamba kama nusu ya wateja wanaonyesha nafuu inayopimika kufikia kikao cha 8, na robo tatu kufikia kikao cha 26. Kwa hiyo kuna wanaopona haraka na kuna wanaohitaji muda, sawa. Ila kuna kundi dogo, tafiti nyingi zinataja asilimia 5 mpaka 10, wanaomaliza wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoanza, na materapisti hawawaoni. Utafiti mmoja wa mwaka 2005 uliwafuata wateja 550, kati yao 40 waliishia vibaya, materapisti walipoulizwa watabiri ni nani wataharibikiwa waliwataja 3 tu na katika hao 3 aliyeharibikiwa kweli ni 1. Dawa ya hili inajulikana, Michael Lambert ameishughulikia kwa miaka mingi: mpe mteja karatasi fupi ya maswali kila kikao, angalia inavyopanda na kushuka, na ikishuka simama muulizane kulikoni. Kitu chepesi hivyo, na bado wapo wataalamu wazima wanakikataa kwa sababu wanaamini macho yao.

Wakija wawili kila kitu kinageuka.

Kosa la kwanza, na ni kosa la wateja wenyewe, ni kudhani wanaenda kwa hakimu. Kila mmoja ameshaandaa kesi yake, tarehe anazo, mashahidi anao, meseji amezihifadhi kwenye simu, anachosubiri ni mtu msomi aseme huyu ndiye mwenye makosa. Terapisti akiingia kwenye huo mtego hata mara moja amekwisha. Atakayeshinda atafurahi, atakayeshindwa hatarudi wiki ijayo, au atarudi mwili tu. Kwa wawili mteja siyo mume wala mke, mteja ni kile kinachotokea katikati yao, ule mzunguko wanaouzunguka kila siku bila kuuona.

Chukua mfano ambao kila terapisti wa wanandoa anaujua. Mmoja analalamika, mwingine ananyamaza. Anayelalamika akiona kimya anaongeza sauti, anayenyamaza akisikia sauti anazidi kujifungia, anashika simu, anatoka nje, analala. Waulize. Mmoja atasema mimi nanyamaza kwa sababu unafoka. Mwingine atasema mimi nafoka kwa sababu unanyamaza. Na wote wawili wanasema kweli, kila mtu anaanzia kusimulia pale alipoumizwa yeye, kwa hiyo ukiuliza nani alianza utakaa hapo mpaka kesho. Andrew Christensen ameuchunguza mtindo huu wa anayedai na anayejitoa kwa miaka mingi, na kuna kitu kimoja walichokiona yeye na Christopher Heavey mwaka 1990 ambacho natamani kila mtu angekijua. Watu huamini ni tabia ya wanawake kulalamika na tabia ya wanaume kukwepa. Ilipoongelewa shida ambayo mke ndiye anataka ibadilike, kweli mke ndiye aliyedai na mume akajitoa. Ilipoongelewa shida anayotaka mume ibadilike, ile tofauti ilififia. Yani kwa sehemu kubwa anayetaka mabadiliko ndiye anayesukuma, na anayeridhika na mambo yalivyo ndiye anayekwepa mazungumzo, siyo jinsia peke yake. Mke na mume wakilielewa hilo tu hasira inapungua, maana mtu anaacha kumuona mwenzie kama kiumbe cha aina fulani na anaanza kumuona kama mtu aliyeko mahali fulani.

Halafu kuna mwili. John Gottman na Robert Levenson kuanzia miaka ya 1980 waliwaweka wanandoa wazungumzie ugomvi wao huku wanapimwa mapigo ya moyo na jasho na huku sura zao zinarekodiwa. Kilichoonekana ni kwamba yule anayekaa kama jiwe mara nyingi ndani yake kunawaka, moyo unaenda mbio. Gottman anasema mapigo yakishavuka kama 100 kwa dakika mtu hawezi tena kusikiliza vizuri wala kufikiri kwa utulivu, na ushauri wake ni kusimamisha mazungumzo kwa angalau dakika 20, siyo kukimbia, ni kusema nahitaji kutulia na nitarudi, halafu kweli urudi. Hicho cha kurudi ndo watu wanakisahau, na bila kurudi mapumziko yanakuwa ni kule kule kujitoa. Gottman pia alitaja tabia nne zinazoibomoa ndoa, kumshambulia mtu badala ya kusema kilichokuudhi, dharau, kujitetea kila saa, na kujenga ukuta wa kimya, na akaiweka dharau kuwa mbaya kuliko zote. Naafiki kabisa, hasira bado ina heshima ndani yake, bado unagombana na mtu wa saizi yako, ila ukishamgeuzia mtu macho juu na kumcheka anavyoongea umeshamshusha.

Kuna sehemu moja ya kazi yake naitilia shaka. Madai maarufu kwamba anaweza kutabiri talaka kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90 yamepingwa na watafiti wenzake kwa hoja nzito, kwamba kanuni ilitengenezwa kwa kutumia data ya wanandoa walewale waliokwisha kujulikana kama waliachana au la, na kanuni ya namna hiyo ukiipeleka kwa watu wapya usahihi unashuka. Usimkubali terapisti anayewatazama robo saa akawaambia nyie hamfiki mwakani. Lakini alilolisema kuhusu migogoro, kwamba asilimia 69 ya yale wanandoa wanayogombania ni ya kudumu, yanatokana na tofauti za hulka na mahitaji na hayaishi, hilo linalingana na wanachokiona watu wengi wanaofanya kazi hii. Mmoja ni wa kuweka akiba mwingine ni wa kutumia, mmoja anapenda wageni mwingine anataka utulivu, miaka thelathini baadaye bado wako hivyohivyo. Kwa hiyo kwenda kwa terapisti ukitaka mwenzio abadilishwe awe kama wewe ni kujitafutia maumivu tu.

Na ndo maana Christensen pamoja na Neil Jacobson waliacha njia ya zamani ya kuwapangia wanandoa nipe nikupe, wewe utaosha vyombo yeye atasema asante, wakaweka kukubaliana na tofauti kuwa kiini cha kazi. Utafiti wao mkubwa ulichukua wenza 134 waliokuwa na hali mbaya kweli na uliwafuata miaka mitano. Mwisho wake karibu nusu walikuwa na nafuu ya maana na takriban robo walikuwa wameachana, na njia ya zamani na mpya zilifika karibu sawa baada ya muda huo. Mimi naziona hizo namba kuwa za kweli na za heshima. Nusu siyo wote. Mtu akikuahidi ndoa yako itapona kwa uhakika anakuuzia maneno.

Chini ya ugomvi kuna nini? Sue Johnson akiwa Canada pamoja na Leslie Greenberg katikati ya miaka ya 1980 waliweka jibu lao wazi: kuna hofu ya kupoteza mtu wako. Walitumia mawazo ya John Bowlby juu ya mtoto na mlezi wake, na mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver nao walionyesha kwamba mapenzi ya watu wazima yanaweza kueleweka kwa njia hiyohiyo, kuna anayeng'ang'ania akiogopa kuachwa na kuna anayejitenga akiogopa kukataliwa. Kwenye kiti jambo hili linaonekana hivi: mke anasema "hunijali, hujawahi kunijali", terapisti hamkatizi wala hamwambii aseme kwa adabu, anamrudisha taratibu, ukisema hunijali ndani kunakuwaje, na baada ya kimya kirefu anasema "naogopa na mimi nikinyamaza kama yeye hakutakuwa na mtu tena humu ndani wa kumuuliza mwenzie chochote." Mume aliyekuwa anatazama sakafu anainua kichwa. Alikuwa hajawahi kusikia hiyo, miaka yote alikuwa anasikia lawama. Halafu na yeye anaulizwa ule ukimya una nini ndani yake, na mara nyingi jibu ni kwamba aliona kila akisema kitu kinakosewa, akahitimisha kwamba hafai, akaacha kujaribu. Hakuna aliyeshinda kesi hapo.

Siri ndizo zinazowashinda wengi. Utaratibu ambao wataalamu wengi wanaufuata ni kuwaona pamoja kwanza, kisha kila mmoja peke yake mara moja, kisha kuwarudisha pamoja. Sasa katika ile mara moja mtu anasema nina mtu mwingine nje, usimwambie. Terapisti aliyeshikilia kwamba mteja ni uhusiano hawezi kukaa na hiyo siri huku akijifanya anawasaidia wote, kila kikao kitakachofuata kitakuwa cha uongo, yule asiyejua anajitahidi kufa na kupona na yule anayejua anamtazama. Wapo wanaosema tangu siku ya kwanza kwamba hawatatunza siri inayougusa uhusiano, wapo wanaosema wataitunza kwa muda ila watamsaidia mtu ajiandae kuisema mwenyewe au watasitisha kazi. Naweza kuishi na njia zote mbili. Nisichoweza kukubali ni terapisti asiye na utaratibu wowote, anayegundua siku siri inamwangukia kwamba hajui afanye nini. Kwa hiyo siku ya kwanza muulizeni mkiwa wote wawili: mmoja wetu akikwambia kitu peke yake, utakipeleka wapi?

Na hapa lazima niseme pale ambapo yote niliyosema juu ya mzunguko yanasimama. Kama kuna mtu anapigwa, anatishiwa, anafuatiliwa simu yake, ananyimwa hela na kutengwa na ndugu zake, usiniletee habari ya mzunguko wa wawili. Mwanasosholojia Michael Johnson tangu 1995 amekuwa akitenganisha vurugu inayolipuka kwenye ugomvi na ile ambayo mmoja anaitumia kumtawala mwenzie maisha yake yote, na kwenye hii ya pili kuwakalisha pamoja ni hatari. Aliyeonewa akisema ukweli mbele ya terapisti ataulipia wakifika nyumbani, na akificha ukweli tiba inakuwa ni maigizo yanayomfundisha avumilie zaidi. Kumwambia na wewe una mchango wako hapo ni kumuongezea jeraha. Ndo maana kile kikao cha kila mtu peke yake kina umuhimu ambao wengi hawaujui, ndipo swali hilo linapoulizwa bila mwenzie kusikia: unamuogopa? Terapisti wa wanandoa asiyeuliza hilo kwa kila wanaokuja, hata wawe wamevaa vizuri na wanacheka, hajaifahamu kazi yake. Jibu likiwa ndio, mteja anageuka kuwa mtu mmoja na usalama wake unatangulia kila kitu, ndoa itasubiri.

Watu huuliza pia je, terapisti wangu wa peke yangu anaweza akatuona wote wawili? Maoni yangu ni bora asiwe yeye. Ameshakaa na wewe miezi, anakujua machozi yako, mwenzio atakapoingia ataingia kama mgeni kwenye nyumba ya watu na atalihisi hilo kabla hajakaa. Wapo wanaoliweza kwa uangalifu mkubwa, ila mimi ningeomba jina la mtu mwingine.

Limebaki kundi ambalo tiba ya kawaida ya wanandoa haiwafai kabisa, nao ni wengi: mmoja anataka kuokoa ndoa, mwingine ameshaondoka moyoni, amekuja ili baadaye aseme nilijaribu. Ukianza kuwafundisha hawa kusikilizana unapoteza muda, kwa sababu mmoja hajakubali kuwa mteja. William Doherty kule Minnesota alitengeneza kazi fupi kwa ajili yao, kati ya kikao kimoja na vitano, na haikusudii kurekebisha chochote. Sehemu kubwa ya muda kila mmoja anakaa na mtaalamu peke yake, anayetaka kuondoka anasaidiwa kuangalia uamuzi wake bila kusukumwa na anayetaka kubaki anasaidiwa asimbembeleze mwenzie mpaka akamfukuza kabisa, na wote wawili wanaulizwa sehemu yao wenyewe katika kilichoharibika. Mwisho wanachagua njia moja kati ya tatu, kubaki kama walivyo, kuachana, au kujitoa kwa tiba kamili kwa miezi sita na habari ya talaka kuwekwa pembeni kwa muda huo. Wakichagua hiyo ya tatu wanaingia kwenye tiba wakiwa wateja kweli, wote wawili. Wakichagua kuachana bado kuna vikao vya kufanya, hasa kama kuna watoto, manake mtu anaacha kuwa mume ila haachi kuwa baba, na mazungumzo ya nani atawaambia watoto, lini, na kwa maneno gani, ni bora yafanyike mbele ya mtu wa tatu anayejua kuyasimamia.